Gunia la Mzee Lubinza

Siku ile chini ya banda la mizani tulikuwa watu wanane, nami nitawataja wote. Mimi Kabula, mwenye mizani. Mdogo wangu Leah, aliyekuwa akiandika daftari. Mzee Lubinza, karani wa zamani wa chama cha msingi, ndiye aliyenifundisha kupima pamba. Binti yake Ng'washi, wakati huo ana kama miaka ishirini. Mama Holo, jirani yetu, aliyekuja na pamba yake na mdomo wake. Masunga, mwenye baiskeli ya kubeba mizigo, na mkewe aliyekuwa amemletea uji. Wa nane ni wakala wa mnunuzi mmoja kutoka mjini, kijana wa miwani ya jua. Jina lake hatukulijua. Tulimwita Keshi, kwa sababu kila alichosema kiliishia hapo: leteni pamba, nina keshi, njooni mapema, nina keshi.

Ninyi vijana mnaokuja kwangu hapa Usagara, ninakoishi siku hizi, na madaftari yenu huniuliza swali lilelile. Mtu awe na tabia gani ili aanzishe kitu cha kusaidia watu na kitu hicho kisife? Nimekuwa nikiwajibu kwa mkato. Uaminifu, nasema. Msimamo. Uvumilivu. Mnaandika, mnashukuru, mnaondoka. Sikuwadanganya, ila niliwapa nusu ya jibu. Nusu iliyobaki ilitokea siku ile mbele ya watu wale wanane, na sijawahi kuisimulia mpaka leo ninapoiandika.

Kwanza mjue mizani yenyewe ilitoka wapi.

Baba alitangulia, mama akafuata kabla mwaka haujaisha. Nilikuwa darasa la sita, na nyuma yangu walikuwepo wadogo wanne, Leah akiwa wa kwanza kati yao. Mwalimu alikuja nyumbani mara mbili kuniulizia. Mara ya tatu hakuja. Tuliishi kati ya barabara ya Magu na ziwa, na shamba la pamba la baba lilikuwa limebaki, kwa hiyo nikashika jembe. Nilifikiri ni kwa msimu mmoja tu.

Miaka ile yote tulikuwa tukiuza pamba kwenye chama cha msingi. Chama kilikuwa na matatizo yake, malipo yalichelewa mpaka mtu anasahau alichouza, lakini mizani yake tuliijua na karani tulimjua. Ndipo likaja soko huria. Wanunuzi binafsi wakaingia vijijini na magari na hela mkononi. Tulifurahi, niseme ukweli. Watu walicheza ngoma barabarani. Chama kikaacha kununua kwetu, ghala likabaki na popo, na Mzee Lubinza akarudi nyumbani na kalamu yake sikioni kama vile kesho ataitwa tena.

Msimu wa kwanza wa wanunuzi wapya nilipeleka gunia langu kwenye gari. Njiani nilikutana na Mzee Lubinza. Nikamwamkia, akaitika, akalishika lile gunia kwa mikono miwili, akaliinua kidogo tu kutoka kwenye baiskeli.

"Arobaini na sita," akasema. "Labda na nusu."

Kwenye gari mizani ilisema thelathini na tisa.

Nilirudi kwake nikiwa nimevimba. Alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, mshale wa ile mizani umeuangalia kabla hawajaning'iniza gunia? Ulikuwa umesimama wapi?"

"Sikuangalia."

"Basi wao waliangalia."

Hapo ndipo wazo lilipozaliwa, na halikuwa wazo kubwa. Kijiji kiwe na mizani yake. Mkulima apime kwetu kwanza, aandikiwe kilo zake kwenye karatasi, ndipo aende kwenye gari akijua alichobeba. Atakayepima atoe kidogo. Mjane na mgonjwa wapime bure. Nani angemiliki mizani hiyo? Watu waliitikia kwa vichwa, wakasema ni jambo jema sana, wakaenda zao. Nikabaki mimi.

Niliuza ng'ombe wawili wa mwisho wa marehemu baba. Baba mdogo alikuja mbio kutoka ng'ambo ya mto.

"Kabula! Unauza ng'ombe wa marehemu ununue chuma?"

"Ndiyo, baba."

"Chuma kinazaa?"

"Hakizai, baba."

"Kinatoa maziwa?"

"Hakitoi."

"Wadogo zako watakunywa mizani?"

Nilimwambia nimeshaamua. Akasema nina kichwa cha mama yangu, na hakusema kama kunisifu. Kesho yake nikapanda gari kwenda Mwanza, nikarudi na mizani ya kuning'iniza iliyofungwa kwenye blanketi kama mtoto.

Hapo mnaiona tabia ya kwanza. Bila ugumu wa kichwa usingekuwepo mwanzo. Mtu laini angemsikiliza baba mdogo, naye baba mdogo hakuwa mjinga. Shikeni hilo, maana ugumu huohuo mtauona tena umegeuka.

Mzee Lubinza alinifundisha kwa misimu miwili na hakuwahi kudai chochote zaidi ya ugoro. Kila asubuhi, kabla ya gunia la kwanza, tulining'iniza jiwe letu la kilo kumi mbele ya watu waliokuwepo, wote waone mshale unasimama panapotakiwa. Usipime pamba kabla ya saa tatu asubuhi, maana upepo wa ziwani huleta umande na pamba huunywa. Ukipima alfajiri unamuuzia mtu ukungu. Ukitaka kujua kama pamba imekauka, usiiamini mikono yako. Chukua mbegu, iume. Ikipasuka kwa mlio, imekauka. Ikibonyea kimya kimya, mrudishe mwenyewe akaanike.

Akanifundisha na wizi wa wakulima, kwa sababu msidhani wezi walikuwa kwenye magari tu. Wengine walitia mchanga. Wengine walichanganya pamba safi juu na fifi, ile yenye madoa, chini. Kuna bwana mmoja mkewe alilitafuta jiwe la kusagia siku mbili, akagombana na majirani wote, kumbe liko katikati ya gunia la mumewe. Lilipoanguka bandani kwetu, mama yule alikuwepo. Hakumtukana. Alilibeba kichwani, akasema, "Nilijua uko mahali," akimwambia jiwe, akaenda nyumbani. Mume alikula nini jioni ile sijui.

Lakini somo kubwa lilikuwa la maji. "Mwizi wa maji," Mzee Lubinza alisema, "humwagia moyo wa gunia. Juu na pembeni anaacha pakavu kwa sababu ndipo mnunuzi anapogusa. Ukikuta gunia limelowa kitakoni, na lina harufu ya udongo, usimguse mwenyewe. Huyo kalaza gunia mahali pabaya. Mpe pole." Alilirudia hilo mara nyingi. Alitaka pia niweke magogo chini ya banda ili gunia lisiguse udongo. Nilimwambia miti ni ghali, tutaweka msimu ujao.

Tulitofautiana kwenye jambo moja. Alipokuwa karani, mtu akikutwa na pamba chafu, alimwita pembeni. Alimwambia taratibu, "Nenda kaanike, rudi kesho." Mimi niliona huo ni ulegevu. Nilikuwa msichana, sina baba, sina cheo, na ninawapimia wanaume wenye mvi. Niliamini nikiwa mpole siku moja, siku ya pili watanipanda kichwani. Nikaweka sheria: pamba ikipatikana na udanganyifu, inamwagwa mkekani mbele ya watu wote. Na sheria nyingine: hakuna gunia linalolala bandani, nisije nikasingiziwa kuiba. Mzee Lubinza alisikiliza, akatia ugoro puani. "Sheria ni zako," akasema. "Na mizani ni yako. Ila watu si wako."

Sikumuuliza maana yake.

Nisiwafiche, sheria zile zilifanya kazi. Pamba chafu ilipungua. Mawakala waliokuja kwa jeuri walianza kuuliza, "Umepima kwa Kabula?" Ukisema ndiyo, walinyoosha mshale wao wenyewe bila kuambiwa. Wadogo zangu walisoma, wajane walipima bure. Kijiji cha pili kikaiga. Mama Holo ndiye aliyeianzisha mizani kule kwa ndugu zake, na yeye alikuwa mtu wa aina nyingine kabisa. Ana kicheko, kila mtu shoga yake, hawezi kusema hapana. Mtu akiomba mizani akapime mahindi ya harusi, anapewa. Mwingine akiomba ikalale kwake, anapewa. Msimu wa pili mizani ilikwenda kupima samaki mwaloni, kule mitumbwi inakofika, na haikurudi. Nilimcheka. Nilimwambia, "Mama Holo, kazi ya watu haiendeshwi kwa kicheko." Akajibu, "Ni kweli, mwanangu. Lakini mimi nikikosea, watu wananiambia." Nilidhani anajitetea tu.

Sasa niirudie siku ile.

Nilikuwa nimekwenda Magu jana yake na nikarudi giza limeingia. Asubuhi nilikuta gunia la Mzee Lubinza liko bandani. Nikadhani amelileta mapema asubuhi hiyo, maana ndiyo desturi yake. Baadaye kidogo alikuja na Ng'washi, binti amebeba gunia la pili kichwani. Ng'washi alikuwa ametoka kulala kwa shangazi yake, akapitia nyumbani kumsaidia baba. Aliambiwa tu kwamba la kwanza limeshatangulia. Keshi alikuwa amesimama pale tangu saa tatu. Hakutupenda. Kila gunia lililopita kwetu lilimpunguzia wizi wake, na alikuwa akitafuta neno.

Tulipima gunia la Ng'washi. Safi. Mbegu zilipasuka kama karanga.

Tulipoliinua lile lililotangulia kufika, mshale ulikwenda mbali kuliko ukubwa wa gunia. Niliona. Keshi aliona. Akavua miwani.

"Karani wa zamani," akasema, "pamba yako imenenepa."

Watu wakacheka kidogo. Nikatia mkono, nikachukua mbegu, nikauma. Haikulia. Nikachukua nyingine, ya chini zaidi. Ilibonyea kama maharage ya kuchemsha.

Nilimtazama Mzee Lubinza. Nilitarajia aseme kitu. Leah aliinuka kwenye kigoda chake, "Dada..." akaanza, nami nikanyoosha mkono kumnyamazisha. Nakumbuka nilichofikiri wakati ule, neno kwa neno. Nilifikiri: nikimpa pole huyu kwa kuwa ni mwalimu wangu, mizani imekufa leo.

"Mzee," nikasema, "sheria unaijua."

"Naijua."

"Dada, ngoja kwanza," Leah akasema.

"Wewe andika."

Nikalishika gunia kitako, mimi mwenyewe, nikalimwaga mkekani. Sehemu ya chini ilitoka imeshikana, nzito, ya rangi ya udongo. Masunga akapiga mluzi. Mkewe akasema, "Ee Mungu, hata huyu?" Keshi alipiga makofi mara tatu, polepole.

"Mzee wa Maji!" akasema. "Shikamoo Mzee wa Maji!"

Mama Holo peke yake hakucheka. Aliinama, akashika ile pamba ya chini, akainusa, akanitazama. Sikutaka kutazamwa. Nikaliandika kosa hilo kwenye daftari mimi mwenyewe, nikamnyang'anya Leah kalamu.

Mzee Lubinza aliikusanya pamba yake konzi kwa konzi. Alipofika ile ya chini aliishika muda, akaitazama, kisha akatazama sakafu ya banda, pale pembeni lilipokuwa pipa letu la maji. Akafunga gunia. Ng'washi hakumsaidia. Alikuwa amesimama mbali, khanga imefunika mdomo. Baba yake alipoondoka na baiskeli, yeye alifuata nyuma hatua nyingi, kama mtu anayekwenda safari nyingine.

Jioni nilisifiwa. Watu walikuja mpaka nyumbani. "Kabula haogopi mtu," walisema. "Hata mwalimu wake hakumwacha." Nililala vizuri.

Zilipita siku kumi na moja. Leah alikuwa ameacha kuimba, naye ni mtoto aliyeimba hata akiosha vyombo. Siku hiyo tulikuwa tukifagia banda. Nikamuuliza ana nini.

"Dada, usinipige."

"Nimewahi kukupiga?"

"Hapana. Lakini usinipige."

Akaniambia. Jioni ile nilipokuwa Magu, Mzee Lubinza alifika akisukuma baiskeli, amechoka, kifua kinambana. Alimwomba gunia lilale hapo mpaka asubuhi. Leah aliijua sheria yangu, lakini alimwona mzee anavyohema. Akalipokea, akaliweka nyuma, kando ya pipa, nisilione haraka. Pipa lilikuwa linavuja kwenye mshono. Nililijua hilo. Nilikuwa nimeliziba kwa sabuni, kama watu wanavyofanya, na sabuni ilikuwa imekwisha zamani. Usiku mzima maji yalitambaa kwenye udongo ambao haukuwa na magogo, na pamba ikanywa.

"Kwa nini hukusema siku ile?"

"Nilianza kusema."

"Na baadaye? Siku zote hizi?"

Leah akainamisha kichwa. "Ungeniuliza kwa nini nilipokea gunia bila ruhusa yako. Nisingekuwa na jibu."

Wanangu, mtu wangu wa karibu kuliko wote, niliyemlea kwa mikono hii, aliogopa sheria yangu kuliko alivyoipenda kweli. Nilidhani uthabiti wangu unalinda kazi. Ulikuwa umewaziba midomo walioijua kazi hiyo pamoja nami. Na mimi, niliyefundishwa kitako cha gunia na harufu ya udongo, nilikuwa nimeishika ile pamba mkononi na sikuinusa.

Nilikwenda kwa Mzee Lubinza siku hiyohiyo. Alikuwa nje ya nyumba akisuka kamba ya katani. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwenye mizani. Inuka, kuna siafu hapo."

"Leah ameniambia."

"Ah. Leah ana moyo."

"Wewe ulijua palepale. Kwa nini hukusema?"

Aliendelea kusuka. "Yule wa miwani alikuwa amesimama wapi?"

"Pale mbele."

"Ningesema pamba yangu imelowea bandani kwako. Mpaka jioni Magu nzima ingejua kwamba mizani ya Kabula inalowesha pamba za watu. Kesho yake watu wangerudi kupima kwake."

"Nitasema mimi. Jumapili, baada ya ibada, nitasimama."

"Halafu Jumatatu watu wapime wapi?"

Sasa niwaambie jambo ninalolionea aibu kuliko hata yale maji. Alipouliza vile, nilifarijika. Nilikuwa nimetembea njia yote ile nikiomba aniambie nisimame Jumapili, na chini ya ombi hilo kulikuwa na jingine, kwamba anikataze. Akanikataza. Moyo wangu ukatulia.

"Mimi ni mzee," akasema. "Miaka yote ya chama sijaitwa mwizi, nimeitwa mara moja, haitaniua. Ila Ng'washi." Kamba ikasimama mkononi. "Ananiamkia kama anavyomwamkia mgeni. Anapakua chakula, anaweka, anaondoka. Nikimwambia mimi, ataona najitetea. Na akiamini, ataitangaza barabarani, namjua. Msimu ukiisha, magari yakiondoka, mwambie wewe. Kwako ataamini."

"Nitamwambia."

"Msimu ukiisha."

"Msimu ukiisha, mzee."

Nilimwekea magogo bandani wiki ileile, kana kwamba alichoniomba ni magogo. Pipa nilipeleka kwa fundi. Sheria ya kumwaga mkekani niliifuta kimya kimya, na aliyeniuliza nilimjibu kwamba mkeka umechakaa.

Msimu ukaisha. Nilijiambia nisubiri kidogo, kuna mnunuzi mpya anasitasita, asisikie lolote. Kisha Leah alifaulu kwenda sekondari na nilihitaji mizani isimame. Kisha Ng'washi akahamia Mwanza, akaanza biashara ya mchele Mkuyuni, na nikasema mjini ni mbali. Si mbali. Mnapanda asubuhi mnafika.

Mvua zilizofuata Mzee Lubinza alifariki, kifua kilekile. Ng'washi alikuja msibani. Nilikuwa nikihudumia maji ya kunawa, na nilifika alipokaa wakati mama mmoja anamfariji. "Baba yako alikuwa mtu mwema," mama yule alisema. "Ile ya maji ilikuwa njaa tu, nani asiyejua njaa." Ng'washi akainama. Nilimimina maji kwenye mikono yake. Nilisubiri amalize kunawa, nikahamia kwa mtu aliyefuata.

Mizani ilifanya kazi misimu mingine kadhaa. Baadaye watu wengi waliacha pamba wakaingia kwenye mpunga, wengine dengu, na bandani pakawa kimya. Hakuna mtu aliyeiua mizani, ilikwisha kazi yake. Wengi wanasema ilikuwa kitu kizuri, nami nakubali. Watu walipata haki yao kwa sababu nilikuwa mgumu. Wala sijui kama mtu laini kuliko mimi angeanza. Ninachojua ni kwamba tabia iliyojenga banda lile ndiyo iliyonizuia kusema maneno mawili kwa binti mmoja. Mama Holo aliipoteza mizani msimu wa pili. Lakini alimwendea siku ileile ndugu yake mwenye mizani ile, akamwangukia, wakalia wote wawili. Mpaka leo wanaalikana harusi.

Kwa hiyo mkianzisha vikundi vyenu, msiniulize tena kuhusu msimamo. Mnao wa kutosha, nawaona. Ulizeni nani kwenu ana ruhusa ya kuwaambia "ngoja kwanza", na mara ya mwisho mlipoambiwa hivyo mlifanya nini.

Tangu banda lifungwe sina sababu tena. Hakuna wakala wa kumwogopa, hakuna ada ya shule, wadogo wote wana nyumba zao. Nimekwenda Mkuyuni mara nne. Mara ya kwanza Ng'washi alinitambua, akafurahi kwa kweli, akaniamkia, akafuta kiti kwa khanga yake. Tukaongea habari za nyumbani. Nikawa natazama anavyopima. Mizani yake ni sahihi, nina jicho la kujua. Kila mteja akishapimiwa, anachota konzi nzima anaongeza juu. Kila mteja, hata wa robo kilo.

"Utafilisika, ng'wana Lubinza," nikamwambia kwa utani. "Mbona unazidisha hivyo?"

Hakucheka. Alikuwa akifunga mfuko wa mtu. "Dada, unajua wewe mwenyewe. Sisi tulishasemwa kwa kupunja watu. Nalipa kidogo kidogo."

Neno lilikuwa mdomoni. Mteja mwingine akaja.

Kuandika hapa si kumwambia. Najua hivyo, msinifariji. Leah ananiuliza kila tunapoonana, "Umeshakwenda?" nami najibu nimekwenda, kwa sababu kwenda nimekwenda.

Jumamosi iliyopita nilikaa kwenye kile kiti karibu saa nzima. Wateja walipungua. Akaniuliza nichukue kiasi gani, nikasema kilo mbili. Akapima, mshale ukasimama penyewe. Kisha akachota konzi ya juu, akaitia, akafunga mfuko, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Nikapokea.